Tiki Thelathini za Mama Lemayian

Mmeniomba mbinu kumi. Siku ile ya kuniaga nikistaafu, Mwalimu Brian alinivuta kando akasema, "Madam, tuandikie tu mbinu kumi za kusomea mtihani wa kidato cha nne, tutabandika kwa ukuta wa stafrumu." Nikakubali, maana mtu akishapewa blanketi na saa ya ukutani hana uso wa kukataa kitu. Sasa nimekaa na kalamu siku tatu. Mbinu ya kwanza niliiandika, nikakumbuka mwaka ilipotuletea sifa na mwaka ilipotuaibisha, nikaifuta. Ya pili vivyo hivyo. Nimefundisha hesabati tangu wengine wenu hamjazaliwa, na leo ukiniuliza mtu husomaje mpaka akafaulu, nitakuangalia tu. Kwa hivyo nitawaeleza yaliyonipata, mengine mtajijazia.

Nilifundisha kwetu Bungoma miaka kadhaa kabla sijahamishiwa Kajiado, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilishuka na mabegi mawili na kuku mmoja, upepo ukanivua kitambaa cha kichwa nikiwa bado stejini. Mzee mmoja wa Kimaasai alikiokota akanirudishia. "Takwenya," akasema. Nikamjibu, "Mzuri sana," na watu wote wakacheka. Baadaye nilifundishwa kwamba mwanamke hujibu "Iko". Hilo ndilo somo la kwanza nililopata huko, na nililipata kwa aibu, na sijawahi kulisahau. Labda hiyo ndiyo mbinu. Sijui.

Shule ilikuwa ya wasichana, ya bweni. Mkuu wa idara ya hesabati alikuwa Mwalimu Mutiso, Mkamba mfupi mwenye koti la kahawia ambalo mfuko wake wa kulia ulikuwa mweupe kwa chaki. Asubuhi ya kwanza alinipa karatasi kubwa ya manila imekunjwa na kalamu nene nyekundu. "Chaki utapewa na shule," akasema. "Hii nakupatia mimi. Kitu hakijahesabiwa, Madam, hicho hakijasomwa."

Manila yake ilikuwa hivi. Majina ya watahiniwa yanashuka upande wa kushoto. Juu, kwa upana, ni karatasi za mtihani za miaka ya nyuma. Msichana akimaliza karatasi moja, anatiwa tiki nyekundu. Mutiso alikuwa anakata stensili mwenyewe, anazungusha mashine kwa mkono mpaka wino unampanda kwenye viwiko, halafu anagawa maswali yangali na unyevu. Alinifundisha kusahihisha kwa haraka, kuandika ubaoni bila kuwapa watoto mgongo, na kujua kwa kusikiliza tu kama darasa limeelewa au limenyamaza kwa adabu. Kila nilichojua cha kazi hii, msingi wake ni yule mzee, na nataka hilo mlishike kabla sijafika mbele.

Alikuwa pia na mbinu ya karai. Ukisinzia wakati wa masomo ya jioni, unaweka miguu ndani ya karai la maji baridi. Haya, na maji ya Kajiado mnayajua: yaliletwa na punda, na punda alikuja alipopenda. Wasichana walisoma na miguu kwa karai, kisha maji yaleyale yakapiga deki bweni, na asubuhi nusu ya darasa linakohoa. Nilipomuuliza Mutiso kama kweli inasaidia, alisema, "Si wanakohoa wakiwa macho?"

Mwaka wa kwanza matokeo yalikuwa mazuri, tukachinja mbuzi. Mwaka wa pili yakawa mazuri zaidi. Mwaka wa tatu, manila ileile, tiki nyingi kuliko zamani, makarai yameongezwa, tukaanguka vibaya. Mutiso akasema tiki hazikutosha. Mimi niliangalia ile karatasi imejaa nyekundu kutoka juu hadi chini nikashindwa kuelewa tungeziongezea wapi. Lakini ningesema nini, na mimi ndiye mgeni?

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilihamishiwa Kitengela, shule ya kutwa. Mutiso alistaafu baadaye kidogo akajenga Kiserian. Kitengela ya wakati huo ilikuwa bado inajiamulia kama ni mji au ni malisho. Asubuhi wafanyakazi wa viwandani wanapita upande huu, ng'ombe wanapita upande ule, na wote wana haraka. Jumamosi mchana nilianzisha darasa la watu wazima ndani ya kanisa moja la mabati, watu waliotaka kurudia mtihani kwa kujitegemea. Walikuwa kumi na mmoja. Kulikuwa na Barasa, mlinzi wa kiwanda, mtu wa kwetu, na Mueni, mshonaji nguo kutoka Machakos. Na kulikuwa na Mama Lemayian.

Mama Lemayian alikuwa wa rika langu kasoro miaka michache, mrefu, na akikaa kwenye benchi la mbele waliokuwa nyuma yake hawaoni ubao. Alifundisha watoto wadogo katika nasari moja karibu na kwake, nje kidogo ya mji, na kila mtu aliniambia anaifanya kazi hiyo vizuri mno. Lakini hakuwa na cheti. Mtihani aliufanya zamani, akaanguka hesabati, akaolewa, maisha yakaendelea. Sasa mwenye nasari alimwambia waziwazi: mwaka ujao asiyekubaliwa chuo cha ualimu atafute kazi nyingine. Chuo nacho kilitaka hesabati ipande. Kwa hivyo alikuwa na mtihani mmoja tu uliobaki, ule wa mwaka huo. Alinieleza siku ya kwanza bila kulia wala kubembeleza. "Mwalimu, ile kazi naipenda. Niko na watoto wanalia nisipokuja."

Nikatundika manila, na Jumamosi ya kwanza Mutiso mwenyewe alikuja kuikagua. Kumbe ningefanya nini kingine? Barasa alijaza tiki kama mtu anayepigilia misumari. Mueni naye hakubaki nyuma. Mstari wa Mama Lemayian ukabaki mweupe. Wiki ya kwanza nilinyamaza, ya pili nikamwangalia, ya tatu nikamuuliza amefanya karatasi ngapi.

"Nimesoma, Mwalimu."

"Sijauliza kama umesoma. Nimeuliza ngapi."

"Zile nimemaliza, nimemaliza."

"Ngapi, Mama?"

Akachezea shanga za mkononi. "Namba za kitabu nahesabu, Mwalimu. Vitu vyangu sihesabu. Vikihesabiwa vinapungua."

Darasa likacheka. Mimi, Mungu anisamehe, nilicheka pia, kisha nikakasirika kwa sababu nilicheka. Nikasema, "Mtu wa hesabati asiyetaka kuhesabu! Hiyo ni dharau au ni uvivu?" Nilikuwa na kazi nyingine ambayo sijawatajia: orodha ya majina ya watahiniwa wa darasa hilo niliijaza mimi na kuipeleka mimi mwenyewe ofisini Kajiado. Nikamwambia mbele ya wote, "Orodha inaenda Ijumaa. Mstari wako ukiwa hauna tiki thelathini, jina lako halipandi gari."

Nilidhani nitamwamsha. Ijumaa ilipofika, mstari ulikuwa mweupe. Nikajaza ile fomu asubuhi mezani kwangu, nikaruka jina lake, nikaipeleka. Njia nzima nilijiambia ninamsaidia, kwamba mtu ambaye hajajiandaa akienda kuanguka mara ya pili atavunjika moyo kabisa. Mnajua jinsi mwalimu anavyoweza kujieleza mambo mpaka yakamkaa vizuri.

Jumamosi hakuja. Nilifundisha nikiwa naangalia lile benchi la mbele, na kwa mara ya kwanza watu wote waliona ubao. Nikaona haya. Nikaamua nitamfuata kesho yake baada ya kanisa nimwambie uso kwa uso, kwa sababu habari kama hiyo hutumi mtu.

Nilifika kwake saa kumi na moja jioni, viatu vimejaa vumbi. Nilimkuta amesimama mlangoni mwa zizi, ng'ombe wa mume wake wanarudi. Alinisalimia kwa furaha, akanipa mkono, lakini macho hayakutoka kwa ng'ombe. Wakaingia wakisukumana, wa rangi zote, kundi si dogo. Wa mwisho alipoingia akamwita mume wake akamwambia kitu kwa Kimaasai, na mume akageuka akarudi malishoni haraka.

"Kuna nini?" nikauliza.

"Yule mwekundu ako na pembe moja hajaingia."

"Wako wangapi?"

"Sijui, Mwalimu."

"Sasa umejuaje mmoja amebaki?"

Akaniangalia kama nimemuuliza mama anajuaje mtoto wake hayuko kwa meza. "Si hayuko?"

Hapo ndipo nikamkumbuka nyanya yangu Bungoma. Nyanya naye hakuwahi kuhesabu wajukuu. Alisimama mlangoni wakati wa chakula, akatupa macho, akasema, "Nafula yuko wapi?" na Nafula kweli alikuwa juu ya mpera. Ukimhesabia watoto alikupiga na mwiko. Mimi ndiye Nafula, na nilikuwa nimesahau. Nilimwambia Mama Lemayian hivyo, akapiga makofi. "Basi unajua! Kwa nini ulinisumbua na hiyo karatasi?"

Tukakaa kwenye vigoda akaniletea chai. Nikamuuliza anasomaje. Akasema ni vile vile tu. Asubuhi anafanya maswali, na jioni anafunga kitabu anasimama pale mlangoni, anawaita. Nikamwambia aite nisikie. Akachukua kijiti, akaanza kuchora kwenye vumbi, kitabu kiko ndani ya nyumba.

"Logi ameingia." Akaandika kanuni zake, zote. "Pembetatu ameingia. Huyu wa duara ameingia. Matriksi ameingia lakini anachechemea kidogo, ona." Na kweli, alikosea alama moja, akaiona mwenyewe akaipangusa kwa kidole cha mguu. "Vekta ameingia jana tu. Ndio maana sikukuja darasa, nilienda Isinya kwa binamu yangu, anajua vekta. Probabiliti hajaingia. Huyo ndiye kesho namfuata, yeye peke yake. Hawa wengine wamelala, siwaamshi."

Nikamtungia maswali papo hapo, magumu, kwa ubaya kabisa. Akayafanya. La probabiliti hakuligusa. "Huyo nimekuambia hayuko." Barasa alikuwa na tiki arobaini, na wiki ile ile nilimuuliza ni sehemu gani inamsumbua, akanijibu kwa ujasiri, "Hakuna, Mwalimu."

Nikaweka kikombe chini. Nikamwambia, "Mama Lemayian, jina lako sikulipeleka."

Alidhani natania. Akatabasamu, akangoja, tabasamu likaondoka polepole. "Mimi nilijua ni hasira ya mwalimu," akasema. "Hasira ya mwalimu inaisha." Kisha akachora mistari isiyo na maana kwenye vumbi. Sikupigiwa kelele. Ningepigiwa kelele ningejitetea. Aliniuliza tu, "Wakati unaandika hiyo orodha, Mwalimu, hukuona mimi siko?"

 Niliondoka pale mume wake akirudi na yule ng'ombe wa pembe moja.

Jumatatu nilikuwa mlangoni mwa ofisi kule Kajiado kabla haijafunguliwa. Karani alikuwa mama mmoja mkavu mwenye miwani ya kamba, ambaye hata salamu alikuwa anazipokea kama anazikagua. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kubembeleza, na kama yangeshindwa, ya kulia. Sikuyatumia. Aliponiona tu akafungua droo. "Wewe Mwalimu wa Kitengela, kaa hapo. Wenzako orodha zao zilienda Ijumaa. Yako nimeizuia."

"Kwa nini?"

"Chini umeandika jumla ya watahiniwa kumi na mmoja. Majina nimehesabu mara tatu. Ni kumi. Mimi sipeleki karatasi inayobishana na mwenyewe."

Akanisukumia fomu. Ilikuwa kweli. Mwandiko wangu, wino wangu, kumi na mmoja. Mimi Nafula, mwanafunzi wa Mutiso, mtu wa kuhesabu kila kitu hadi vipande vya chaki, nilikosea hesabu ya watu kumi. Nilimuuliza yule mama kama naweza kurekebisha. "Ndiyo maana nimeizuia," akasema. "Ama unataka kufuta namba, ama unataka kuongeza jina. Chagua haraka, saa nne hii fomu inaenda." Niliandika jina la Mama Lemayian, nikamrudishia fomu.

Mpaka leo sijaelewa. Niliruka jina lake kwa makusudi kabisa, nikafika chini nikaandika kumi na mmoja. Nimejaribu kukumbuka ile asubuhi mezani, nilikuwa nawaza nini. Sikumbuki. Nilipomweleza Mama Lemayian Jumamosi iliyofuata, mbele ya darasa lote, nikimwomba msamaha palepale nilipomuaibisha, alifikiri kidogo kisha akacheka sana. "Basi uliniona," akasema. Akaenda kukaa benchi la mbele akaziba ubao.

Alipita. Hesabati ilipanda hata kuliko chuo kilivyotaka, akaenda kusomea ualimu, na nasari ikamshikia nafasi yake. Barasa na tiki zake zote alianguka. Sasa mtasema, aha, Madam, mbinu ni hiyo, tupa manila. Ngojeni. Mueni alikuwa na tiki hamsini, alisoma kwa kuhesabu tu kama Mutiso alivyotaka, na alimpita Mama Lemayian kwa mbali.

Na mimi, kwa werevu wangu, mwaka uliofuata nilichukua ile njia ya zizi nikaitundika ukutani. Manila mpya, kalamu ya kijani, kichwa cha habari: NANI HAJAINGIA? Kila mwanafunzi aandike mada ambayo bado haijamwingia. Wiki ya kwanza waliandika kwa ukweli. Wiki ya pili waliona aliye na mada nyingi anachekwa. Kufikia wiki ya nne manila ilikuwa safi, hakuna aliyekosa chochote, wote wamo zizini. Mtihani ulipokuja tuliona zizi lilikuwa tupu. Nikarudia tiki. Matokeo yakapanda kidogo, kisha yakashuka, kisha yakapanda bila mimi kufanya lolote tofauti. Katika miaka ya elfu mbili mkaja nyinyi na fotokopi, na vikundi vya majadiliano, na kusoma huku mmeweka muziki masikioni. Wengine wanafaulu. Wengine, aki ya Mungu, hata siwezi kuwaeleza walifaulu kwa njia gani.

Sasa nifike siku ya kuniaga, mlikuwepo. Niliandaa mwenyewe orodha ya wageni. Viti arobaini na viwili, nilivihesabu asubuhi, nikavihesabu tena watu walipokaa. Vyote vimejaa ila kimoja, cha Mama Lemayian. Nikaridhika nikaanza kutafuta mahali pa kuweka ile blanketi. Mama Lemayian alichelewa kidogo kwa sababu ya watoto wake wa nasari, ambao sasa wengine ni watoto wa wale wa kwanza. Mlimwona akisimama mlangoni, nywele zimeingia mvi, shuka nyekundu juu ya suti. Mlidhani anatafuta kiti, Mwalimu Brian akakimbia kumwonyesha chake. Hakuwa anatafuta kiti. Alitupa macho ukumbini mara moja, akaja moja kwa moja mpaka kwangu, akainama sikioni.

"Mwalimu, yule mzee wa manila hajaingia."

Mnakumbuka nilikaa ghafla, mkasema ni furaha. Haikuwa furaha. Mwalimu Mutiso sikumwalika. Wala hatukugombana, wala hayuko mbali, ni hapo tu Kiserian. Niliandika majina arobaini na mawili nikimsifu kichwani katika hotuba niliyokuwa naitunga, na jina lake sikuliandika. Nilipompigia simu jioni ile alisema ni sawa, miguu yenyewe siku hizi haitaki safari. Kisha akauliza, "Watu walikuwa wangapi?" Nikamwambia. Akasema, "Wazuri hao," na akanyamaza kidogo, na nikasikia kile kimya ambacho alinifundisha mwenyewe kukitambua, cha mtu aliyenyamaza kwa adabu.

Kwa hivyo mbinu zenu kumi sina. Ukuta ubaki hivyo hivyo. Kesho asubuhi naenda Kiserian, nimebeba kuku, na Mama Lemayian amesema tutaenda pamoja.